Muulize Mjomba: Kapu la nguo chafu ni la nani?

Katika toleo lililopita kijana mmoja aliuliza kama ni sawa mume kumfulia nguo mke aliyetoka kujifungua. Nilimjibu kwamba ni sawa, na kwamba aendelee kufua hata mtoto akishaanza kutembea. Tangu hapo barua hazijakatika. Wengine wamenishukuru, wengine wamenikaripia, na mmoja amesema nawaharibia watu ndoa zao. Karibu zote zinahusu nguo: nani afue, nani aanike, nani apige pasi. Nimechagua saba nizijibu hapa.

Kwa msomaji mgeni, mimi ni dobi mstaafu. Nimefua shuka za hospitali, baadaye mashati na sare za hotelini, na nyumbani kwangu nguo ni kazi yangu tangu nioe. Mke wangu alikuwa mwajiriwa kama mimi, na hakuna kati yetu aliyekuwa na nguvu za watu wawili.

Mpaka nimwambie

*Shikamoo Mjomba. Mimi na mume wangu sote tumeajiriwa, tunatoka asubuhi na kurudi jioni. Si mtu mbaya. Nikimwambia anika, anaanika. Nikimwambia kunja, anakunja. Tatizo ni mpaka nimwambie. Asipoambiwa anakaa na simu yake huku kapu limejaa mpaka nguo zinamwagika. Nikilalamika ananijibu, "Si ungesema tu?" Nimechoka kusema. Je, namwonea?*
*Mama wa Wawili*

Marahaba, mwanangu. Humwonei hata kidogo.

Mume wako anafanya kazi ya mikono. Kazi ya kichwa imebaki yote kwako, na kwenye nguo kazi ya kichwa ndiyo nzito. Nilipokuwa hospitali tulikuwa na msimamizi ambaye kuna siku hakugusa maji kabisa. Kazi yake ilikuwa kujua. Wodi gani imebakiwa na shuka chache, sabuni itaisha lini, mashine ipi imeanza kuvuja, mzigo wa chumba cha upasuaji umefikia wapi. Alilipwa zaidi yetu sisi tuliosukuma matoroli, na hakuna aliyeona ajabu, maana siku asipokuwepo tulikuwa tunagongana tu. Nyumbani kazi hiyo hiyo mke anaifanya bure, na akifungua mdomo anaambiwa ana kelele.

Hebu tazama unayoyabeba. Sare ya mkubwa inatakiwa kesho. Soksi ya mdogo imebaki mguu mmoja. Taulo la bafuni limeanza kunuka. Sabuni ya unga haifiki Ijumaa. Blauzi mpya inatoa rangi, isichanganywe na shuka. Wingu limetanda na nguo ziko kwenye kamba. Yote hayo yanakuzunguka kichwani ukiwa kazini, ukiwa unapika, hata ukiwa umejilaza. Mumeo akisema "si ungesema tu", anakuomba uendelee kuwa msimamizi na yeye awe kibarua wa kuitwa.

Kwa hiyo acha kumgawia vipande. Mpe kazi nzima, kuanzia kapu mpaka kabati. Kukusanya, kuchagua, kuloweka, kufua, kusuuza, kuanika, kuanua, kukunja, kupiga pasi, na kuziweka mahali pake. Sabuni ikiisha, ni yeye anayejua na ni yeye anayeinunua. Mvua ikianza kudondoka, ni yeye anayeinuka. Zungumzeni siku ambayo hakuna aliyekasirika, na msizungumzie mbele ya kapu lililojaa, maana hapo maneno yatakuwa makali. Mwambie: nguo za nyumba hii kuanzia Jumamosi ni zako, jikoni kumebaki kwangu. Kisha kubalianeni kitu kimoja tu ambacho hakina mjadala, kwa mfano sare za watoto ziwe zimenyooshwa Jumapili jioni. Hilo ni la watoto, na watoto wasiadhibiwe kwa mapatano ya wakubwa.

Baada ya hapo kazi ngumu ni yako, mwanangu. Nyamaza. Kapu litajaa na wewe utaliona. Usiliguse, usilitaje, usilisogeze karibu na njia anayopita. Siku akifungua kabati akakuta hakuna shati, mwache asimame hapo atafakari. Ndoa nyingi hukwama katika hatua hii kwa sababu mke anahurumia shati, anafua usiku mmoja, na mume anajifunza kwamba akikaa kimya muda wa kutosha kazi inajifanya yenyewe.

Mwaka 2018 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu kazi za nyumbani na za malezi zisizolipwa. Wastani kwa siku, wanawake wanatumia saa 4 na dakika 25, wanaume saa 1 na dakika 23. Ukiziona namba hizo kumbuka kwamba saa inapima mikono. Kukumbuka soksi ya mdogo ukiwa kwenye kikao cha ofisini hakuna aliyekupimia. Mwonyeshe mumeo, mkae na karatasi, mwandike za kwenu. Usimfanyie kesi. Wanaume wengi, mimi nawafahamu, hawajawahi kuziona zimeandikwa.

Anazifua upya

*Mjomba, heshima yako. Mimi nafua bila kuambiwa. Tatizo mke wangu akirudi anazifua upya. Anasema kola hazijatakata, nguo nyeupe nimezifanya za kijivu, na sweta lake la sufu sasa linamfaa mtoto. Nimeamua kuacha. Kwa nini nijichoshe?*
*Mume Aliyekata Tamaa*

Usiache, kijana wangu. Malalamiko yake matatu yote ni ya kweli, na yote matatu yana sababu inayojulikana na dawa isiyo na gharama. Kufua ni ufundi. Hakuna mwanamke aliyezaliwa nao, alifundishwa akiwa mdogo wakati wewe ukiruhusiwa kwenda kucheza mpira. Sasa ni zamu yako kufundishwa.

Tuanze na kola. Uchafu wa kola ni mafuta ya ngozi ya shingo yaliyoshikana na jasho na vumbi, na mafuta hayatoki kwa kulowekwa tu kwenye povu pamoja na suruali. Chukua shati peke yake. Fungua kola, ilaze bapa kwenye kiganja au juu ya ubao. Ilowanishe kwa maji ya uvuguvugu, paka sabuni ya kipande kwenye ule mstari mweusi mpaka uone sabuni imekaa, kisha liache shati kama robo saa. Hapo ndipo kazi inapofanyika, sabuni inayalegeza mafuta wewe ukiwa unafanya mengine. Ukirudi, tumia mswaki wa zamani uliolainika, sugua kutoka katikati ya kola kuelekea pembeni, pole pole, usirudi nyuma kwa nguvu kwa sababu utapasua nyuzi pale kwenye mkunjo. Makwapa na ncha za mikono yafanyie hivyo hivyo. Ndipo shati liingie kwenye beseni na wenzake. Sisi hotelini shati ambalo kola yake haikuandaliwa kwanza halikuingia kwenye mashine, hata liwe la mgeni anayeondoka alfajiri.

Nguo nyeupe zinakuwa za kijivu kwa sababu mbili. Ya kwanza unaijua: zimefuliwa pamoja na za rangi. Si lazima rangi itoke kwa wingi uione, hata kidogo kidogo kila wiki inatosha. Ya pili wengi hawaijui: sabuni nyingi mno na maji ya kusuuzia machache mno. Sabuni inayobaki kwenye kitambaa inakauka na uchafu wake, kisha inashika vumbi jipya. Mtu akiona nguo haing'ai anaongeza sabuni, na anazidi kuharibu. Fuata mpangilio huu ukifua kwa mikono: nyeupe kwanza maji yakiwa safi, halafu za rangi hafifu, halafu nyeusi na jinzi, mwisho soksi na vitambaa vya kufutia. Suuza mpaka maji yawe angavu na nguo isiteleze mkononi. Kisha anika nyeupe juani, jua lenyewe linazing'arisha. Za rangi zigeuze ndani nje uzianike kivulini, maana jua hilo hilo ndilo linalozipausha.

Sweta ndilo limeniuma, kwa sababu hilo halirudi tena. Unyuzi wa sufu una vigamba vidogo vilivyopangana kama vigae vya paa. Maji ya moto na kusugua vinafanya vigamba hivyo vishikane, kitambaa kinajikaza na kuwa kinene. Sufu inataka maji baridi au ya vuguvugu hafifu, sabuni laini, na kubonyezwa tu. Usiisokote. Ilaze kwenye taulo kavu, ikunje pamoja na taulo, bonyeza maji yatoke, kisha ikaushe imelala. Ukiitundika ikiwa na maji inarefuka mikono. Na soma pakiti ya sabuni ya unga: ikiwa ina vimeng'enya vya kula madoa ya protini, usiitumie kwa sufu wala hariri, maana nyuzi hizo zenyewe ni protini.

Madoa nayo yana kanuni. Damu, maziwa, yai na matapishi ya mtoto huanza na maji baridi. Ukiyamwagia maji ya moto unayapika ndani ya kitambaa. Mafuta ya kupikia yanataka maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo. Klorini ni kwa pamba nyeupe tu, na ninakuomba sana, usiichanganye kamwe na siki, amonia wala dawa ya choo yenye tindikali. Inatoa gesi ya sumu, na bafuni mlango ukiwa umefungwa hiyo ni hatari kwa uhai wako.

Kabla ya yote hayo soma lebo ndani ya nguo. Alama ya beseni yenye namba 40 maana yake maji yasizidi nyuzijoto 40. Beseni lenye mkono ndani yake, fua kwa mikono. Pasi yenye nukta moja ni ya moto mdogo, usizidi nyuzijoto 110. Mbili ni 150. Tatu ni 200. Chochote kilichopigwa msalaba, usikifanye.

Sasa neno kwa mkeo, najua atausoma ukurasa huu. Mama, usizifue upya. Pale kwetu shuka ikirudi na doa ilirudishwa kwa yule yule aliyeifua, bila matusi, na ndivyo sote tulivyojifunza. Mwonyeshe kola mara moja, kaa pembeni aifanye mbele yako, kisha ondoka. Na kama shati limetakata lakini amelikunja tofauti na unavyokunja wewe, hilo limekwisha, liingie kabatini hivyo hivyo.

Mama amenikuta kwenye kamba

*Shikamoo Mjomba. Mama yangu alikuja kutusalimia akanikuta naanika nguo, za mke wangu zikiwemo. Pale pale hakusema kitu, lakini jioni aliniita pembeni akaniambia nimekaliwa kichwani, na kwamba hakunizaa nije kuwa mtumishi wa mwanamke. Wadogo zangu wameshalipata, sasa wananiita "mama mwenye nyumba". Nampenda mama na sitaki kumvunjia heshima. Kufua pia sitaki kuacha. Nifanyeje?*
*Mtoto wa Kwanza*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma zaidi ya zote.

Usibishane na mama. Usimletee hoja za haki na usawa, na usimwambie mambo ya zamani yamepitwa na wakati, kwa sababu hayo ya zamani ndiyo maisha yake. Mama yako alifua nguo zenu zote peke yake. Huenda hakuna aliyewahi kumshikia hata upande mmoja wa shuka akikamua. Anapomwona mwanawe amesimama kwenye kamba kwa hiari yake, anaona pia kwamba mzigo ule aliobeba miaka yote ungeweza kugawanywa, na hakugawiwa. Hilo linaumiza, na mtu aliyeumia anaweza kusema maneno ambayo siyo aliyokusudia.

Akija tena, mwombe nguo zake uzifue. Usitangaze. Mwambie tu, "Mama, nina maji hapa, nipe zako." Atakataa mara ya kwanza. Mwombe tena. Zifue vizuri kuliko zote, zipige pasi, zikunje, umkabidhi kwa mikono miwili. Akiona kwamba mikono inayomhudumia mkeo ndiyo hiyo hiyo inayomhudumia yeye, utakuwa umemjibu bila kumjibu.

Akileta dini, na wazazi wengi huleta, uwe na jibu la upole. Kama ninyi ni Waislamu, mkumbushe kwamba Bibi Aisha aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, akajibu kwamba alikuwa akiihudumia familia yake, na wakati wa sala ukifika alitoka kwenda kusali. Kama ni Wakristo, mkumbushe Yohana sura ya 13: Yesu alijifunga kitambaa, akatia maji katika bakuli, akawaosha wanafunzi wake miguu. Kazi ya maji haikumpunguzia heshima yeyote kati yao.

Wadogo zako ni habari nyingine. Waambie Mjomba amelea na kusomesha watoto kwa mshahara wa kufua. Tulikuwa wanaume karibu wote pale, tumejifunga aproni, mikono imekunjamana kwa maji, na jioni tulirudi nyumbani tukiitwa baba. Hakuna aliyetuita mama mwenye nyumba. Ikiwa kufua shuka ya mgeni kwa malipo ni kazi ya kiume, sijui ni wapi uanaume unapopotelea shuka ikiwa ya mkeo. Waambie hivyo mara moja, kisha usiendelee nao.

Na usianze kuanika usiku au nyuma ya nyumba ili usionekane. Ukijificha utakuwa umekubali kwamba ni aibu, na mkeo atalijua hilo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Je, mashine imemaliza ugomvi?

*Mjomba, tumenunua mashine ya kufulia. Mume wangu anasema sasa hakuna cha kugawana. Ni kweli?*
*Msomaji wa Siku Nyingi*

Si kweli, dada. Mashine inafua, inasuuza na inakamua. Haikusanyi nguo chini ya kitanda, haitoi kalamu mfukoni, haichagui rangi, haianiki na haikunji. Na nguo zilizosahauliwa ndani yake mpaka kesho zinanuka uvundo, inabidi zirudiwe. Mgawane kama kawaida. Mwombe yeye aanze na kijitabu cha maelekezo kilichokuja nayo, kwa sababu ndani ya nyumba lazima awepo mtu anayejua kichujio kinasafishwa vipi.

Mimi ndiye ninayetafuta

*Mjomba, nakuheshimu lakini unawapotosha vijana. Mimi natafuta, mke wangu yuko nyumbani na watoto wawili, mdogo ana miezi minne. Nikirudi nimechoka. Kila mtu ana zamu yake, yangu iko nje. Haya ya waume kufua ni mambo ya kuiga ya juzi juzi.*
*Baba Mwenye Majukumu*

Ndugu yangu, asante kwa kuandika wazi. Nakubaliana nawe mahali pamoja: mtu anayeshinda kazini na mtu anayeshinda nyumbani hawawezi kugawana kazi za ndani nusu kwa nusu, na sijawahi kusema hivyo. Mwenye muda mwingi nyumbani atafanya nyingi.

Lakini kipime kile ambacho nyote wawili mnakitaka, nacho ni kupumzika. Zamu yako ina saa ya kuisha. Unafunga ofisi, unapanda gari, njiani hakuna anayekulilia. Mkeo ana mtoto wa miezi minne. Mtoto wa umri huo ananyonya usiku, anacheua kwenye nguo yake na ya mama yake, anachafua shuka iliyotandikwa sasa hivi. Usiku huo wewe umelala kwa sababu kesho una kazi. Yeye kesho ana kazi pia, na inaanzia kitandani. Jiulize ni lini mkeo alikaa chini bila mtu kumwita. Jibu hilo ulitafute mwenyewe leo jioni, kwa kutazama, usimuulize.

Ninachokuomba ni kitu kimoja: nguo za mtoto ziwe zako. Ni ndogo, hazichukui jioni nzima. Zikung'ute kinyesi chooni kwanza, ziloweke kwa maji baridi, zifue kwa sabuni isiyo na manukato makali, na zisuuze mara mbili kwa sababu ngozi ya mtoto mchanga haivumilii sabuni iliyobaki kwenye kitambaa. Zianike, na asubuhi kabla hujatoka zianue uzikunje kama zimekauka. Ukifanya hivyo mkeo atapata muda wa kulala mtoto akilala, na utamwona anavyobadilika uso.

Kuhusu juzi juzi, hapo umekosea. Tarehe 24 Oktoba 1975 wanawake wa Aislandi, karibu asilimia 90 yao, waliacha kazi kwa siku moja: za ofisini, za viwandani, za jikoni na za kulea. Wanaume walilazimika kwenda na watoto makazini. Mwaka uliofuata nchi hiyo ilipitisha sheria ya usawa wa jinsia. Mwaka 1979 Umoja wa Mataifa ukapitisha mkataba wa kuondoa aina zote za ubaguzi dhidi ya wanawake, na kifungu chake cha 16 kinasema mume na mke wana haki na wajibu sawa katika ndoa. Kama una umri ninaoudhania, mambo haya yamekuzidi umri.

Nguo za ndani

*Mjomba, naona aibu kuuliza. Mume wangu anafua kila kitu isipokuwa nguo zangu za ndani. Nikasirike?*
*Mke Mpya*

Usikasirike, binti yangu. Kila mtu mzima afue zake mwenyewe anapooga, ni dakika chache na zinakuwa safi kila siku. Ukiugua au ukijifungua, hapo azifue, na mimi naamini atazifua bila kuombwa. Mume anayefua vingine vyote usikosane naye kwa hilo.

Binti anawafulia kaka zake

*Shikamoo Mjomba. Nina watoto watatu, mvulana wa miaka 12, binti wa miaka 10 na mvulana wa miaka 9. Binti ndiye anayefua za wote kila Jumamosi. Baada ya kusoma jibu lako la toleo lililopita nimeanza kujiuliza. Kaka zake waanze lini?*
*Mama Watatu*

Marahaba, mama. Waanze Jumamosi hii.

Wa miaka 12 anaweza kufua nguo zake zote. Wa miaka 9 aanze na soksi na fulana zake na shati la shule, halafu umwongezee. Binti afue zake tu. Utasikia manung'uniko, hasa kwa yule mkubwa, kwa sababu amezoea kukuta shati limenyooka. Usimwelezee sana. Mpe beseni, mpe sabuni, mwonyeshe kwamba shati halisokotwi kwa nguvu kwenye kola bali linakunjwa mara mbili na kukamuliwa kuanzia juu kwenda chini, kisha mwache.

Baba yao akiwepo, ndiye awafundishe, hata kama itabidi naye ajifunze nao. Mtoto wa kiume anayemwona baba yake ameinamia beseni haulizi tena kazi hiyo ni ya nani. Binti yako mwambie waziwazi kwamba hakuwa na kosa na kwamba Jumamosi zake sasa zimepungua kazi, asije akadhani amenyang'anywa kitu kwa sababu alifanya vibaya.

Blanketi na mapazia yakiwa na maji ni mazito kwao, fueni ninyi wakubwa. Pasi, mkubwa aishike ukiwa karibu naye, mdogo asubiri. Klorini iwekeni juu wasikofika, na isihamishiwe kwenye chupa ya maji au ya soda hata siku moja.